Swali la Tisa kwenye Fomu ya Denis

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimesoma ukucha vibaya.

Nina miezi saba katika ofisi ya kiwanja cha mbio za mbwa na sijawahi kukosea. Kazi si ngumu. Kabla ya mbio kila mbwa huletwa kwenye chumba cha mizani. Mimi husimama hatua mbili nyuma na kitabu chake cha alama na kusoma kwa sauti, na Noreen Tangney hukagua. Kwanza herufi zilizochanjwa masikioni, kisha rangi ya manyoya, halafu kucha, moja baada ya nyingine, mguu baada ya mguu: nyeupe, nyeusi, nyeusi, nyeupe. Hivyo hakuna mtu anayeweza kuleta mbwa mwingine kwa jina la huyu. Noreen anashika mbwa, mimi nashika karatasi. Ndivyo tulivyokubaliana siku ya kwanza nilipomwambia kwamba sipendi kuwagusa. Alisema, "Haya. Mikono yangu inatosha."

Leo mbwa wa mzee Mossie Quirke, yule mweusi mwenye kifua cheupe, alinisogelea akaniegemea. Hakunusa wala hakulamba. Aliweka ubavu wake wote kwenye goti langu, kama mtu aliyechoka anavyoegemea ukuta wa posta, akatulia hapo. Nilisoma mguu wa nyuma wa kulia mara mbili na wa mbele nikauruka.

"Karani," Noreen akasema, "huyu ana miguu mitatu ya nyuma?"

"Samahani."

"Mimi sina kinyongo. Muombe yeye."

Mossie alikuwa mlangoni ameshika kamba. "Huyo anachagua watu," alisema. "Nimemlisha miaka mitatu na hajaniegemea hata mara moja."

Suruali imeshika manyoya. Sijayapiga brashi bado.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Nimepanga faili za Septemba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mbwa wa Mossie alianguka kwenye kona ya tatu. Aliinuka na miguu mitatu na akajaribu kuendelea kwa hiyo mitatu. Daktari wa mifugo anasema kifundo cha mguu wa nyuma kimevunjika. Kitaunga, atatembea, ila mbio basi.

Baadaye Mossie aliingia ofisini kwangu akaketi bila kukaribishwa, kofia juu ya goti. Nilijua kuwa anafunga banda lake mwaka huu, ana miaka sabini na minne na magoti yake yamekataa. Mbwa wanne wamekwenda kwa wafunzaji wengine, mmoja yuko kwa shemeji yake. Aliyebaki ni huyu.

"Tarehe kumi na mbili Desemba kuna gari la wale wanaowatafutia mbwa makao," alisema. "Linakwenda Italia. Nasikia huko wanawalaza kwenye makochi."

"Basi atakuwa salama," nikasema.

"Salama atakuwa." Aliigeuza kofia. "Au umchukue wewe."

Nilicheka, kama ninavyocheka nikiogopa. Mossie hakucheka. Aliniambia kwamba kwenye kitabu mbwa anaitwa Slievemore Comet, lakini jina hilo mbwa mwenyewe halijui. Bandani ni Denis, kwa sababu ya Denis wa posta, ambaye naye ana pua ndefu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekaa na karatasi asubuhi nzima nikiandika kwa nini siwezi. Natoka saa mbili na nusu na kurudi jioni, ingawa nyumba iko dakika sita kutoka kazini na ningeweza kuja kula mchana. Nyumba ni ya kupanga, ingawa Bi Culhane mwenye nyumba amesema mwenyewe, bila mimi kuuliza vizuri, kwamba mbwa anapendeza kuliko mpangaji aliyetangulia. Uwanja wa nyuma ni mdogo, ingawa Noreen anasema mbwa wa mbio analala saa ishirini kwa siku na ukimpa uwanja mkubwa atalala sehemu moja tu.

Kila nilipoandika sababu, "ingawa" ilikuja nyuma yake. Nimechana karatasi. Sababu ya kweli sikuiandika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba kapiga simu, kama kila Alhamisi. Mvua huko kwao ni kubwa kuliko huku. Ng'ombe wameingizwa ndani mapema. Nami nikasema huku pia ni mvua. Dakika nne.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda kwa Mossie, nikijiambia kwamba nampelekea barua ya kiwanja ambayo ingeweza kwenda kwa posta.

Banda ni refu, limepakwa chokaa, vyumba kumi na viwili na majani makavu, na vyumba kumi na moja vitupu. Redio ilikuwa ikiongea peke yake juu ya rafu. Denis alikuwa amelala chali na bandeji yake ya kijani, miguu mitatu hewani, mdomo wazi, ulimi umetokea pembeni. Sikujua kwamba mbwa anaweza kulala hivyo. Nilidhani amekufa, na nadhani ilionekana usoni mwangu.

"Mzima huyo," Mossie alisema. "Anafikiri."

Kisha alinionyesha namna ya kumshika sikio bila kumshtua: kwanza unaongea, ndipo unagusa. Sikio la mbwa huyu ni laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Ndani yake kuna herufi zile nilizozisoma mara kumi na tisa kwa sauti bila kuziona.

Jumanne, 28 Oktoba

Fomu imefika kutoka kwa Bi Attracta Noone, anayesimamia kazi ya kuwatafutia mbwa makao katika kaunti yetu. Maswali kumi na mawili. Mimi ni mtu wa fomu. Nilikaa nayo jikoni kwa raha kabisa. Jina, kazi, aina ya makazi, urefu wa uzio, jina la daktari wa mifugo. Nilijaza nane kwa mwandiko mzuri.

Swali la tisa: Je, umewahi kuishi na mbwa? Alipatwa na nini?

Nilijaza la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili. La tisa nimeliacha wazi.

Jumatano, 29 Oktoba

Niandike hapa, ambapo hakuna anayesoma.

Tess alikuwa mbwa wetu wa kondoo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitoka shule, nikapita kwenye lango la barabarani, nikalivuta nyuma yangu na kuingia ndani kunywa chai. Nililivuta. Au naamini nililivuta. Lori la maziwa lilipita saa kumi na robo kama siku zote, na Tess alikuwa barabarani. Baba alimbeba mwenyewe hadi kona ya shamba la juu na akachimba peke yake, mvuani. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu, akaniona nimeketi mbele ya kikombe, akasema, "Kunywa chai yako."

Hajasema neno jingine juu ya jambo hilo kwa miaka kumi na miwili. Wala hatukufuga mbwa tena. Shamba la kondoo bila mbwa: kila jirani aliuliza, na kila jirani alijibiwa kuhusu mvua.

Tangu hapo ninafunga kila mlango mara tatu.

Jumatano, 5 Novemba

Bi Noone amekuja kukagua nyumba. Mwanamke mfupi, koti la mvua, viatu vya shambani, daftari. Alitazama chini ya sinki na nyuma ya jokofu. Alikuwa amebeba fomu yangu.

"Bwana Deasy, umesahau la tisa."

"Ninalifikiria bado."

Alinitazama. "Watu wengine huandika 'uzee'. Huwa siwaamini wote."

Nje alisukuma lango la uani kwa kidole kimoja likafunguka. Komeo limelika. "Hili ndilo litakalokushinda," alisema. "Mbwa hawa wanakwenda maili nzima kabla hujamaliza kuita. Lango lirekebishwe, na la tisa lijazwe, kabla ya uamuzi wa mwisho. Mengine yote yako sawa. Nitakupa naye wiki mbili za majaribio hapa kwako, kisha tunaamua. Lakini sitaki jibu baada ya tarehe mosi Desemba, kwa sababu nafasi kwenye gari lazima niithibitishe."

Ameniachia kijitabu. Ukurasa wa kwanza: Mpe utulivu.

Nimefunga lango kwa kamba, mafundo matatu. Kwa sasa litatosha.

Jumamosi, 15 Novemba

Denis amefika. Bandeji imetolewa, mguu ni mwembamba na umenyolewa. Mossie alimshusha garini, akaniachia kikapu cha mdomoni cha kuvaa barabarani, bakuli lake, na nusu gunia la chakula. Nilimuuliza kama kuna lolote ninalopaswa kujua.

"Hapendi mvua," alisema. "Wala ngazi. Wala kioo."

"Mengine?"

"Mengine ni mbwa tu, mwanangu."

Akaondoka haraka mno kwa mtu mwenye magoti mabovu. Hakumuaga mbwa. Niliona ni ugumu wa moyo.

Nimeandaa kila kitu. Godoro karibu na jiko. Nimevua viatu na natembea na soksi. Nimezima redio, nimeweka gazeti chini ya mlango unaogonga, nimemwomba Bi Culhane hapo jirani asipige nyundo wiki hii. Nyumba iko kimya kabisa. Unasikia sindano ikianguka.

Denis amesimama katikati ya jikoni.

Jumapili, 16 Novemba

Amesimama.

Jumanne, 18 Novemba

Nimerudi mchana, nikamkuta amesimama pale pale, kichwa chini, anahema. Amekula nusu. Nikikaa, ananitazama, nikiinuka, anatetemeka kidogo. Hajaniegemea.

Nimeanza daftari lake. Saa za kulala: jana moja na nusu, kwa vipande. Leo, mpaka sasa, sifuri. Noreen anasema saa ishirini kwa siku.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimemwambia Noreen. Alikuwa akila mkate wake wa nyama dirishani.

"Labda anakusubiri umsomee kucha," alisema. Kisha akaona sicheki. "Lorcan. Mpe muda. Wewe mwenyewe ulichukua mwezi mzima kabla hujaketi vizuri kwenye hicho kiti."

Ni kweli. Sikudhani kuna mtu aliyeona.

Baba kapiga. Mvua. Sikumtajia mbwa.

Jumamosi, 22 Novemba

Amelala saa mbili. Nimeondoa hata saa ya ukutani, ilikuwa inagonga.

Jumanne, 25 Novemba

Siku mbaya.

Nimekuja mchana kwa miguu, kama kawaida ya siku hizi, nikipinda kona ya Bi Culhane, na lango la uani liko wazi. Si kidogo. Limefunguka mpaka ukutani, na kamba yangu iko chini imekatika, na mlango wa nyuma nao nusu wazi.

Sikuingia ndani. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani tangu mchana: mtu mwenye akili angetazama ndani kwanza. Mimi niligeuka na kukimbilia barabarani. Nilikimbia kuelekea daraja kwa sababu ndiko malori yanakotoka. Nilikuwa nikiita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilipofika darajani sikuona kitu, nikarudi, nikavuka bila kutazama, gari likapiga honi, nami naendelea kuita Denis, Denis.

Gari la posta likasimama kando yangu. Dirisha likashuka.

"Nipo," Denis wa posta akasema. "Kuna nini?"

Nilishika mlango wa gari lake nikahema.

"Mzigo wako nimeuacha ndani ya mlango," akaendelea, akidhani ni hilo. "Koti la mbwa, nadhani, limeandikwa nje. Kamba yako ilibidi niikate, mafundo yale ni ya baharia. Nikasema nikitoka nitalirudisha lango, ndipo simu ikalia. Nililirudisha?" Akanitazama tena. "Aa. Sikulirudisha."

Tuliingia pamoja. Denis alikuwa jikoni, amesimama pale pale anaposimama siku zote. Hakuwa ametoka hata hatua moja. Barua zilikuwa sakafuni mbele ya miguu yake.

Denis wa posta aliniketisha kitini akaniwekea maji. Aliniomba radhi mara nyingi mno kwa mtu ambaye hajaua chochote. Alipoondoka nilitapika kwenye sinki, kisha nikasafisha sinki, kisha nikarudi kazini nikachelewa dakika kumi na moja.

Hakuna kilichotokea. Nimeiandika hivyo ili niione: hakuna kilichotokea. Lakini najua sasa jinsi itakavyokuwa. Kila siku, miaka kumi, nikipinda ile kona.

Na mbwa mwenyewe halali, hali, haniegemei. Huko Italia kuna makochi.

Jumatano, 26 Novemba

Nimempigia Bi Noone. Nimemwambia kwamba siko tayari, aje Jumatatu amchukue. Akajibu, "Sawa, Bwana Deasy. Hakuna aibu katika hilo." Alisema kwa upole sana, na huo upole ndio ulioniuma.

Alhamisi, 27 Novemba

Baba kapiga. Akasema mvua. Nikasema mvua. Halafu nikajisikia nikisema, "Nilikuwa na mbwa hapa kwa majaribio. Anarudi Jumatatu."

Nilidhani simu imekatika.

"Mbwa gani?"

"Wa mbio. Amestaafu."

"Kwa nini anarudi?"

Ningeweza kusema kwamba halali. Nilisema, "Lango halifungi."

"Lango la namna gani?" akauliza.

Nikamweleza: mbao, upana wa futi tatu na nusu, bawaba mbili, komeo limelika. Akasema, "Mm." Akasema huenda Jumamosi mvua ikapungua. Akakata.

Jumamosi, 29 Novemba

Saa tano kasoro asubuhi gari la Baba lilisimama mbele ya nyumba. Ana mwendo wa saa mbili kutoka shambani, na mara ya mwisho alikuja nilipohamia. Hakusema kwamba anakuja. Mvua haikupungua.

Nyuma ya gari alikuwa na nguzo mbili mpya, mbao, sanduku la vyombo, na kitu kizito kimefungwa kwenye gunia. Aliniambia, "Lorcan," ambayo ndiyo salamu yake, akatazama lango, akalisukuma kwa kidole kama Bi Noone.

Alikuwa ameacha mlango wa gari wazi na redio imewashwa, kwa sababu saa tano ilikuwa inakaribia, na saa tano redio ya kaunti husoma vifo. Baba hajakosa matangazo ya vifo tangu nimjue. Nyumbani, yakianza, hakuna anayeongea wala kuchota chakula. Basi alisimama mvuani na nguzo begani, mimi nikasimama na misumari, na muziki ule wa huzuni ukaanza, na yule mama mwenye sauti ya taratibu akaanza kusoma.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Hannah Mulcair wa Coolderry, aliyekuwa mwalimu. Habari ziwafikie wanawe Eamon na Ita, wajukuu, majirani na marafiki wote..."

Denis alitoka jikoni.

Alipita katikati yetu, mvuani, yeye asiyependa mvua. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi, akaweka miguu ya mbele kwenye kiti cha Baba, akafikiri, akauvuta na ule mguu mbovu. Akajizungusha mara mbili juu ya kiti. Kisha akajiangusha kwa pumzi moja ndefu ambayo niliisikia kutoka langoni. Kufikia kifo cha tatu, cha Bwana Christy Hourigan, fundi wa paa, alikuwa amelala chali, miguu minne hewani, mdomo wazi.

Baba hakusema kitu mpaka matangazo yakaisha. Yalipoisha alisema, "Mbwa wako ni mtu wa dini."

Nami nilikuwa nikiona lile banda refu, na rafu, na redio iliyokuwa ikiongea peke yake. Majuma mawili nimemwekea mbwa huyu kimya. Nimeziba milango, nimevua viatu, nimeondoa mpaka saa ya ukutani, na kumbe maisha yake yote hajawahi kukaa mahali penye kimya hata siku moja. Kimya kwake ni ishara kwamba kuna jambo baya linakuja. Alikuwa amesimama akilisubiri pamoja nami.

Nilicheka, na safari hii si kwa woga. Halafu sikuwa nikicheka tena. Baba alinipa kisogo akaanza kuchimba shimo la nguzo, jambo ambalo kwake ni adabu.

Tulifanya kazi mpaka saa nane. Denis hakuamka. Baba alikataa kuzima redio ingawa betri ya gari ni ya zamani. Kwenye lile gunia kulikuwa na komeo la chuma, la aina inayojifunga lenyewe lango likirudi, na springi ya kulirudisha. Si vya dukani. Alivitengeneza mwenyewe Ijumaa, chuma kilikuwa bado na alama za tupa.

Alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho, bila kunitazama, alisema, "Lile la nyumbani lilikuwa halishiki."

Niliendelea kushika lango.

"Uliweza kulivuta ukasikia limegonga, ukaenda zako, nalo linafunguka tena. Nilikuwa nalijua tangu Pasaka. Kila siku nasema kesho." Akakaza. "Lori lilipita Septemba."

Mvua ilikuwa ikimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Nilimtazama, na nikaona kwamba miaka yote hii nilidhani ananyamaza ili asinilaumu. Sikuwahi kufikiri kwamba ananyamaza ili asiulizwe.

"Baba," nikasema, "ungeniambia."

"Ningekuambia." Alirudisha bisibisi sandukuni, mahali pake. "Nilijua hivyo kila Alhamisi."

Kisha akalifungua lango mpaka mwisho na kuliachia. Likarudi lenyewe, taratibu, likagonga, likashika. Alilisukuma kwa kidole, kisha kwa mkono, kisha kwa bega. Akafanya hivyo mara tatu. Nilikuwa nikidhani ni mimi tu.

Tulikunywa chai na mkate na nyama ya nguruwe. Ilibidi tumbebe Denis kumtoa kwenye kiti, Baba kichwani, mimi miguuni. Manyoya mengi. Baba hakuyapiga brashi.

Jumapili, 30 Novemba

Nimekwenda kwa Mossie na Denis, kwa miguu, kikapu mdomoni na koti jipya. Banda limefagiliwa, vyumba vyote kumi na viwili vimefunguliwa. Redio ilikuwa ingali ikiongea juu ya rafu.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu redio?" nikamuuliza.

Alishangaa kweli. "Redio ni yangu, si yao. Na haizimwi. Kitufe kilivunjika miaka tisa iliyopita, ukiichomoa haina uhakika wa kuwaka tena."

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Denis alikwenda akasimama mbele yake, na Mossie akamshika masikio yote mawili. Aliongea kwanza, ndipo akagusa. Akaniambia kwamba siku ile alipomshusha alifika mpaka njiapanda akasimamisha gari na kukaa humo nusu saa, kisha akarudi nyumbani akasikiliza vifo vya jioni peke yake na vyumba kumi na viwili vitupu. Niliuita ugumu wa moyo. Nimeufuta hapo juu, kisha nikaurudisha, ili nikumbuke.

Aliichomoa redio mwenyewe, akaifunga kwenye mfuko wa chakula cha mbwa, akanipa.

"Na wewe, Bwana Quirke?"

"Nina ya jikoni. Na acha Bwana Quirke."

Nimemwambia kwamba Jumapili huwa tunatembea hadi mtoni. Hatujawahi kutembea hadi mtoni. Akasema magoti yake yanafika mtoni ikiwa hakuna anayeharakisha.

Redio imewaka.

Jumatatu, 1 Desemba

Bi Noone alikuja saa kumi na moja jioni na gari lake na kamba mkononi, kumchukua. Nilikuwa nimemwachia ujumbe asubuhi lakini haukumfikia.

Alisimama mlangoni mwa jikoni. Redio ilikuwa ikisoma vifo. Denis alikuwa amelala chali juu ya godoro, na nusu yake juu ya miguu yangu, kwa hiyo sikuweza kuinuka kumkaribisha.

"Bwana Deasy," alisema, "huyu ndiye mbwa asiyelala?"

"Samahani. Nitakueleza."

"Maliza kwanza kusikiliza."

Akaketi. Tulisikiliza wote wanne, nikimhesabu mama wa redioni. Yalipoisha alitoka nje kulitazama lango. Nilisikia likigonga, likishika. Likagonga tena. Alirudi na matone ya mvua kwenye miwani, akatoa fomu kwenye mkoba, akaiweka mezani, kidole chini ya swali la tisa.

Sikuhitaji kulifikiria. Nafasi ilikuwa mistari mitatu, na nilitumia mmoja na kitu. Niliandika kwa mwandiko mdogo, kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi chini ya kichwa cha mbwa na meza ilikuwa mbali:

Ndiyo. Tess. Komeo la lango lilikuwa halishiki. Sasa linashika.